Alama Katika Barafu: Mjadala wa Watu Wanne wa Zongwe

Tangu setilaiti zilipoanza kuizunguka dunia na kutuma picha za kila pembe yake, nchi za barafu zilizoko katika ncha mbili za dunia, ambazo zamani hazikufikiwa ila na mabaharia wachache waliojitoa mhanga, zimekuwa mbele ya macho ya kila mtu mwenye simu mkononi. Na kwa kuwa jicho la mwanadamu halitulii mpaka lipate jina la kile linachokiona, kila alama ngeni iliyotokea katika weupe ule, iwe kilele chenye ncha kali, au duara, au doa jeusi, imezushiwa hadithi yake. Suala langu ni hili: mtu aliyeketi mbali, asiyekuwa na njia ya kufika, aweza kujua nini kwa yakini kutokana na picha ya angani, na ni wapi ilimu hiyo inapokoma ikaanza dhana? Nimeona vema kulipanga kwa njia ya munadhara na kulitia vinywani mwa watu wanne wa Zongwe, katika eneo la Kalemie, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa sababu watu wa ziwa hili wana haki ya kusema juu ya maji yaliyofichika, na juu ya wageni wanaokuja kutazama kisha wakaenda zao kuandika. Majina sikuwapa, nimempa kila mmoja hoja zilizo bora za upande wake. Yuko Mwalimu, afundishaye jiografia. Yuko Nahodha, mzee aliyeendesha mashua miaka mingi baina ya Kalemie na Moba. Yuko Mama, mfanyabiashara wa ndagala. Na yuko Kijana, ambaye ndiye aliyeleta picha.

KIJANA: Mwalimu wangu, mlima huu uko Antaktika, katika safu ya milima ya Ellsworth, na picha yake ilienea duniani kote mwaka 2016. Zitazame pande zake: zimenyooka, zimelingana, zakutana katika ncha moja kama piramidi za Misri. Milima ya Marungu naijua, na sijaona humo mlima wa namna hii. Nikiambiwa kwamba hakuna mkono uliouchonga, nauliza: ni nani mwingine achongaye kwa kipimo?

MWALIMU: Mwanangu, achongaye ni barafu yenyewe. Kilele hicho, ambacho urefu wake ni mita zipatazo 1,265, kimezungukwa na barafu pande zote. Jua la kiangazi likipiga jiwe tupu, theluji kidogo huyeyuka na maji yake yakaingia katika nyufa, kisha baridi inaporudi yakaganda na kuvimba kwa takriban asilimia 9, yakaupasua mwamba. Na jambo hilo likirudiwa kwa maelfu na maelfu ya miaka, ilhali mito ya barafu inaila miguu ya mlima kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja, kinachosalia ni ncha yenye pande zilizonyooka. Matterhorn, ulioko mpakani mwa Uswisi na Italia, ulichongwa kwa njia hiyo hiyo, wala hakuna asemaye kwamba ulijengwa. Mtaalamu wa barafu Eric Rignot alipoulizwa juu ya kilele hiki alijibu waziwazi kwamba ni mlima tu unaofanana na piramidi. Nakuomba, usiitazame picha iliyokatwa pembeni. Ipanue uone na vilele vya jirani, ndipo utakapojua kwamba hicho chako kina jamaa kubwa, na aliyekitenga na jamaa yake ndiye aliyekifanya kuwa muujiza.

KIJANA: Haya, na iwe hivyo kwa mlima. Iko picha nyingine, ya zamani zaidi, iliyopatikana kwa setilaiti ya Marekani iitwayo ESSA-7 tarehe 23 Novemba 1968, nayo yaonyesha tundu jeusi la mviringo juu ya Ncha ya Kaskazini, kubwa, lenye ukingo safi. Wako walioandika kwamba huo ndio mlango wa kuingilia tumboni mwa dunia. Hilo nalo lilichongwa na barafu?

MWALIMU: Hilo ni usiku. Katika ncha ile jua huzama mwishoni mwa Septemba lisichomoze tena mpaka Machi, na picha ile haikupigwa mara moja: iliunganishwa kutokana na vipande vingi vilivyokusanywa chombo kilipokuwa kikipita tena na tena katika muda wa siku nzima, hata kila nchi iliyopata mchana katika siku hiyo ikaonekana ina mwanga, na ile isiyopata mchana kabisa ikabaki nyeusi. Na kwa kuwa nchi isiyopata mchana mwezi wa Novemba ni duara iliyoizunguka ncha, weusi nao ukawa duara. Sababu nyingine iko katika njia za setilaiti zenyewe: nyingi katika zile zinazopiga picha za nchi kavu, na Landsat ni mojawapo, hazipiti juu ya ncha kamili, bali hukata kando yake, kwa hiyo ramani iliyoungwa kwa picha zao huwa na pengo katikati, na mwenye kuitengeneza hulijaza kwa rangi au kwa picha hafifu. Mtu akiliona pengo hilo asijue kilichosababisha, atadhani limezibwa kwa makusudi.

MAMA: Basi kila picha ina tarehe yake, na saa yake, na njia iliyopitiwa na chombo. Kwa nini hayo hayasemwi picha inapotumwa? Mimi nimetumiwa ya mlima na ya tundu pia, na hakuna hata moja iliyokuja na tarehe.

MWALIMU: Ndiyo sababu nawafundisha watoto kuitafuta tarehe kabla ya kuutafuta muujiza.

NAHODHA: Nimewasikiliza nyote wawili, na naona mnabishana juu ya kitu kimoja mkiwa upande mmoja. Kijana anaamini picha, nawe Mwalimu waamini maelezo ya picha. Mimi naamini aliyekwenda. Ziwa hili, ambalo kina chake chafika mita 1,470, sikulijua kwa ramani. Nimelijua kwa kupigwa na kusi lake na kwa kutua kila bandari yake ya upande huu. Asiyefika hana ushahidi, ana habari.

MWALIMU: Baba Nahodha, nakuheshimu, lakini nitakujibu kwa mto ulio mlangoni petu. Mwaka 1874, mwezi wa Mei, msafiri aitwaye Cameron alifika kwenye Lukuga, akauona mdomo wake umejaa majani na matete, akasema kwamba hapo ndipo ziwa linapotokea kwenda magharibi. Mwaka 1876 akaja msafiri mwingine, Stanley, akaingia humo humo kwa mashua, akasema maji hayatoki, ingawa siku moja yatatoka. Mwaka 1879 wakaja Hore, na baada yake Thomson, wakaukuta mto unakwenda kwa nguvu kuelekea Lualaba, kwa maana kizuizi cha tope na majani kilikuwa kimekwisha kupasuka, na ziwa likaanza kushuka hata likapungua mita zipatazo 10 kabla ya karne ile kwisha. Watu hao wote walifika, waliona kwa macho yao, tena hakuna aliyesema uongo. Na juu ya hayo huko Ulaya watu walitiliana shaka kwa miaka, kila mmoja akishikilia shahidi wake. Kilichokosekana hakikuwa miguu. Ilikosekana njia ya kupatazama mahali pale pale mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu.

NAHODHA: Umenishika vizuri, walakini umeacha kipande. Cameron mwenyewe aliambiwa na mkuu wa mahali pale kwamba watu wake hufuata kingo za Lukuga kwa zaidi ya mwezi mpaka unapomwagika katika Lualaba. Mwenyeji alijua. Hao waliobishana hawakumwuliza, au walimwuliza wasimsadiki. Sasa nionyeshe jambo moja ambalo hakuna mguu wala mwenyeji angelijua, na chombo cha angani kikalijua.

MWALIMU: Nitakuonyesha ziwa. Liko Antaktika ya mashariki, chini ya barafu yenye unene wa karibu kilometa 4. Warusi walijenga kituo juu yake mwezi wa Desemba 1957, wakakiita Vostok. Wakaishi hapo kiangazi na kipupwe, na tarehe 21 Julai 1983 wakapima hapo baridi ya nyuzi 89.2 chini ya sifuri, ambayo haijapata kupimwa iliyo kali kuishinda kwa kipimo kilichowekwa ardhini. Miaka na miaka walilala na kuamka juu ya maji, wala hawakujua kwa yakini. Dalili zilikuwako: marubani walikuwa wakiona katika uwanda ule sehemu zilizo tambarare kupita kawaida, wakazitumia kuwa alama za safari, mwenzao Kapitsa alipitisha mitetemo ardhini mwaka 1959 na tena 1964, na rekodi zake zikawekwa, na katika miaka ya 1970 ndege zilizobeba vyombo vya mawimbi ya redio zikapata mwangwi wa maji chini ya barafu. Lakini dalili hizo zilikuwa vipande vipande, na hakuna aliyeweza kusema ziwa laanzia wapi na laishia wapi. Kisha ikarushwa setilaiti ya Ulaya iitwayo ERS-1, mwaka 1991, yenye rada inayopima mwinuko wa uso wa dunia kwa usahihi mkubwa, nayo ilipopita juu ya Vostok tena na tena, vipimo vyake vikachora eneo moja refu, jembamba, lililo bapa kabisa, ilhali barafu ya pande zake zote ina mawimbi na vilima. Mwaka 1996 wanazuoni wa Urusi na Uingereza waliyaweka pamoja haya yote, mitetemo ya Kapitsa na mwangwi wa ndege na vipimo vya rada, wakatangaza ziwa lenye urefu wa kilometa zipatazo 250. Eneo lake ni zaidi ya theluthi moja ya Tanganyika yetu.

MAMA: Kwa nini barafu iwe bapa juu ya maji? Barafu ya kilometa 4 si kitambaa.

NAHODHA: Hilo nalifahamu mimi, Mama, ingawa sijaiona barafu hiyo. Mtumbwi ukiukokota mchangani husita, hushika hapa na kulegea pale, na kila jiwe la chini hulisikia mkononi. Ukishaingia majini hauna tena cha kuushika, hutulia ukakaa sawa. Kama barafu nayo yatembea, basi pale inapoburuza tumbo juu ya mwamba lazima itaonyesha mwamba huo mgongoni, na pale inapoelea haitaonyesha kitu.

MWALIMU: Hivyo ndivyo ilivyo, wala sikupata kuisikia imeelezwa vema kuliko hivyo. Barafu ile hutembea, mita chache kwa mwaka. Na maji yake hayagandi kwa sababu barafu iliyo juu huyafunika yasipoteze joto linalotoka tumboni mwa dunia, na uzito wake huyakandamiza hata kiwango cha kuganda kikashuka. Wanajiolojia wengi huona kwamba ziwa lile limelala katika bonde lililofanywa na kupasuka kwa ardhi, jamaa ya bonde hili lililoizaa Tanganyika. Umbo lake refu na jembamba lashuhudia. Tarehe 5 Februari 2012 Warusi walilifikia kwa kekee, katika kina cha mita 3,769. Na tangu hapo yamejulikana maziwa ya namna hiyo kwa mamia, mengine madogo, mengine yakijaa na kupwa, na setilaiti ya Marekani iitwayo ICESat, iliyopima tangu mwaka 2003, iliona uso wa barafu ukipanda na kushuka kwa mita kadhaa kadiri maji yalivyopita chini yake kutoka ziwa hata ziwa.

Hapa mimi mwandishi nataka kuingiza neno langu, kwani naona kwamba kisa cha Vostok kina jambo ambalo Mwalimu hakulisema kwa sauti. Mwenye kutafuta maajabu katika picha hutafuta daima kile kilichojitokeza: ncha, ukuta, tundu. Ziwa lile, ambalo kwa haki ni ajabu kuliko piramidi yoyote ya kubuniwa, lilijulikana kwa kukosa umbo, kwa ubapa ambao jicho lisilofunzwa lingeupita bila kuugusa. Na tena, Antaktika haina mwenyeji. Hakuna mkuu wa kijiji atakayemwambia mgeni kwamba njia hii yafika Lualaba, wala bibi atakayekumbuka mwaka maji yalipopanda. Ndiyo maana uzushi hustawi huko kuliko penginepo, kwa kuwa hapana aliyezaliwa pale wa kuukanusha. Mahali pasipo mwenyeji, kipimo kilichorudiwa ndicho hushika nafasi ya kumbukumbu. Kwa jambo hilo naegemea upande wa Mwalimu, na simwachi Nahodha kwa sababu mazungumzo hayajafika kwake bado.

MAMA: Watu husema Antaktika haina mwenyeji. Mimi nimesikia ina ndege.

MWALIMU: Inao, Mama, na habari zao zafaa katika shauri hili. Pengwini mkubwa, yule aitwaye pengwini kaizari, hutaga na kulea juu ya barafu ya bahari katikati ya giza la kipupwe, mahali ambapo meli hazifiki na ndege hazitui. Kwa muda mrefu makoloni yake yalijulikana kwa bahati tu. Mwaka 2009 Peter Fretwell na Phil Trathan, wa taasisi ya Uingereza inayochunguza Antaktika, walizipitia picha za Landsat kuzunguka pwani nzima. Katika picha hizo nukta moja ni mita 30 kwa mita 30, kwa hiyo pengwini hawezi kuonekana. Lakini kundi likikaa mahali pamoja miezi mingi barafu huchafuka kwa kinyesi, ikawa na doa la rangi ya udongo, na juu ya barafu ya bahari hakuna kitu kingine kinachotoa doa la namna hiyo. Walipata makoloni 38, na 10 kati yake hayakuwa yamejulikana. Mwaka 2012, kwa picha zilizo kali zaidi, wakahesabu ndege wapatao 595,000 katika makoloni 46. Na ilipofika 2024, kwa setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 na nyinginezo, idadi ya makoloni ilikuwa 66.

MAMA: Doa la kinyesi likawa barua ya ndege. Na kwa nini watu wahangaike kuwatafuta?

MWALIMU: Kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2022. Katika Bahari ya Bellingshausen kulikuwa na makoloni matano. Kinda la pengwini huyu, mpaka linapokaribia Desemba, lina manyoya ya sufi yasiyozuia maji. Likianguka baharini kabla ya kubadili manyoya, hufa kwa kuzama au kwa baridi. Mwaka ule barafu ilivunjika mapema, na setilaiti, iliyokuwa ikipiga picha juma baada ya juma, ikayaona madoa yakitoweka pamoja na barafu iliyoyabeba. Katika makoloni matano, manne yaelekea hayakukuza kinda hata moja, kwa hesabu ya watafiti. Hapakuwa na mtu pale wa kuliona jambo hilo.

MAMA: Basi nimejibiwa, na moyo wangu umeuma. Hili ndilo la kutumiwa watu katika simu, nalo halikunifikia. Yalinifikia matundu na piramidi.

KIJANA: Mama, nami limeniuma. Lakini msiniweke katika fungu la wazushi haraka hivyo, kwa sababu siri zimekuwako kweli. Kule Greenland jeshi la Marekani lilianza mwaka 1959 kuchimba mji ndani ya barafu, Camp Century, wenye mahandaki, vyumba vya kulala, na mtambo wa nishati ya atomiki. Watu hadi 200 walikaa humo. Ulimwengu ulionyeshwa mji huo katika sinema na magazeti, ukaambiwa ni wa utafiti. Nyuma yake kulikuwa na mpango ulioitwa Iceworm, wa kuficha makombora 600 chini ya barafu, na Denmark, iliyokuwa na mamlaka juu ya Greenland, haikuambiwa. Jambo hilo halikujulikana kwa watu mpaka miaka ya 1990. Mji uliachwa mwaka 1967, theluji ikaufunika. Mwezi wa Aprili 2024 ndege ya NASA, iliyokuwa ikijaribu rada yake, ikauona tena ukiwa umelala ndani ya barafu. Mwenye kutia shaka, basi, ana hoja.

MWALIMU: Anayo, na umeileta vizuri kuliko ile ya mlima. Walakini ichunguze. Mji haukufichwa, kilichofichwa ni kusudi. Rada ya 2024 iliweza kuyaonyesha mahandaki, wala haikuweza kuonyesha kombora ambalo halikuwekwa kamwe, kwa kuwa barafu ilisogea na kuyabana mahandaki hata mpango ukaachwa. Siri ilitoka katika nyaraka, pale wenye kuzishika walipolazimika kuzifungua. Anayetaka kujua nia za serikali katika nchi za barafu na aombe karatasi, asikeshe juu ya vivuli.

KIJANA: Na karatasi zikikataliwa?

MWALIMU: Hapo shaka yako ni halali, nayo ibaki shaka mpaka karatasi zipatikane.

Jibu hilo la Mwalimu ni la haki, ingawa halimtoshi kijana wa nchi ambayo, kwa miaka mingi, kilichochimbwa katika ardhi yake kimejulikana zaidi katika ofisi za mbali kuliko katika vijiji vilivyokaa juu yake. Sitamlaumu mtu wa Kalemie akiitazama picha ya angani na kujiuliza kwanza nani ameilipia.

NAHODHA: Sasa zamu yangu. Mwaka 2005 Mwingereza mmoja, Julian Bayliss, akiwa anatazama picha za setilaiti za Msumbiji, aliona doa la kijani juu ya mlima Mabu. Wataalamu walikwenda, na mwaka 2008 msafara mkubwa ukaingia: msitu wa hektari zipatazo 7,000, vipepeo na nyoka na vinyonga ambao vitabu havikuwa na habari zao. Magazeti yakaandika kwamba msitu umegunduliwa. Na wanavijiji wa Mabu, waliokimbilia humo kujificha wakati wa vita, walikuwa wapi katika habari hiyo? Kisha mtu huyo huyo akaona katika picha mlima mwingine, Lico, wenye kuta zilizosimama wima na msitu juu yake, hata kila mtu akadhani hakuna binadamu aliyepata kukanyaga kule. Mwaka 2018 wakapanda kwa kamba pamoja na mabingwa wa kupanda miamba. Juu kabisa, karibu na chimbuko la kijito, wakakuta vyungu vya kale. Kuna waliotangulia, bila kamba zao, wakaweka vyungu vyao mahali maji yanapozaliwa, nami nasadiki waliviweka kwa heshima.

MWALIMU: Nakubali. Neno kugundua limetumika vibaya.

NAHODHA: Sibishani juu ya neno, Mwalimu, nabishana juu ya utaratibu. Watu husema barafu haina mwenyeji, na kwa upande wa kusini ni kweli. Kaskazini wako Wainuit. Meli mbili za baharia Franklin, zilizoondoka Uingereza mwaka 1845 zikapotea na watu 129, zilitafutwa zaidi ya miaka 160. Ya kwanza, Erebus, ilipatikana 2014, mahali ambapo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yameelekeza tangu zamani. Ya pili, Terror, ilipatikana Septemba 2016 kwa sababu Mwinuit wa Gjoa Haven, Sammy Kogvik, aliwaambia watafutaji kwamba miaka kadhaa nyuma, akienda kuvua, aliona mti mrefu umechomoza katika barafu ya ghuba. Picha zote za angani zilikuwako. Mti ule ulionwa na mvuvi.

MWALIMU: Na bado waliokwenda walichukua vyombo vya kupima chini ya maji, ndipo wakaiona meli. Lakini sitaki kukunyima haki yako. Nikupe na mfano wa kwetu: zile mboji za kinamasi cha katikati ya Kongo, ambazo kina Greta Dargie, Simon Lewis na Suspense Ifo walitangaza mwaka 2017 kwamba zimeenea kilometa za mraba 145,500, kwanza zilitafutwa kwa rada na picha za angani zilizoonyesha ni wapi maji hayakauki na ni miti gani imesimama juu yake, kisha watu wakaingia na matope magotini, wakiongozwa na wanavijiji, wakachoma vijiti mpaka chini. Bila picha wasingejua pa kuanzia katika msitu mkubwa kama ule, na bila wale viongozi wa njia wasingetoka.

NAHODHA: Basi tunatofautiana juu ya nani aulizwe kwanza.

MWALIMU: Ndiyo. Mimi naanza na picha, kwa kuwa yaniambia niulize nini.

NAHODHA: Nami naanza na mtu, kwa kuwa ataniambia picha imekosa nini.

MAMA: Mmefika hapo, nami sitawaacha hapo. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa hili lilipanda likaingia majumbani Kalemie na kila pwani ya chini. Wachuuzi wa ndagala waliokuwa na vyanja vyao vya kuanikia karibu na maji walivipoteza. Mwalimu, rada hiyo iliyopima barafu ya Vostok, haiwezi kulipima ziwa letu?

MWALIMU: Hulipima, Mama. Tangu mwaka 1992 setilaiti za kupima uso wa bahari, ya kwanza ikiitwa TOPEX/Poseidon na nyingine zikifuata njia yake, hupita juu ya Tanganyika kila baada ya siku zipatazo kumi, zikapima kimo cha maji kwa kosa la sentimeta chache tu. Mtu aliyeko Ulaya au Marekani aweza kuona leo ziwa letu limepanda kiasi gani tangu mwezi uliopita.

MAMA: Na mtu aliyeko Zongwe?

MWALIMU: Aweza, akijua pa kutafuta na akisoma Kiingereza.

MAMA: Basi lifanye liwe darasa lako. Kila mara chombo kinapopita, chukua kipimo, kiandike kwa Kiswahili katika ubao wa soko, chini yake cha mwezi uliopita na cha mwaka jana siku kama hiyo. Nikiona maji yanapanda miezi mitatu mfululizo nitahamisha chanja changu, sitangoja yaje mlangoni.

NAHODHA: Nami nitataka kigingi kichomekwe hapa bandarini, chenye alama za sentimeta, kwa kuwa kusi likivuma siku nyingi huyasukuma maji kaskazini, na kipimo cha chombo kilichopita katikati ya ziwa hakitamwambia Mama yaliyo hapa ufukoni.

KIJANA: Kigingi nitakisoma mimi kila asubuhi, ila kwa sharti moja: namba zangu ziandikwe ubaoni kando ya zile za setilaiti, na zikitofautiana, zote mbili ziachwe zisomwe.

MWALIMU: Sharti lako nalikubali.